UZI: Udhuru wa kutofunga Ramadhani. Nani alipe siku, nani atoe kibaba, nani hadaiwi kitu

MchelePishori_MLD:
Asalam aleikum wote. Naufungua huu uzi mapema kabla mfungo haujakolea, mana kila mwaka haya maswali yanaulizwa grupu hii yanazimika, yanaulizwa grupu ile yanazimika, na mwaka unaofuata tunaanza upya.

Mimi nauza nafaka hapa Malindi. Duka si kubwa ila kuna kibaba cha bati nilichoachiwa na marehemu babu, ukingo ushapinda upande mmoja, na watu wa fidia (mchele wa kulisha maskini badala ya siku) hawataki mizani, wataka kile kibaba. Nikikijaza mchele nikausawazisha kwa kiganja halafu nikaumwaga kwenye mizani yasoma kama robo tatu kilo hivi, ndo kile kiasi masheikh wengi hukitaja kwa tahadhari. Kwa hivo siku 30 ni kilo 22.5, wengi hubeba gunia la kilo 25 wakasema ziada ni sadaka.

Sasa shida iko hapa. Anakuja mmoja, "nipimie vibaba thelathini vya mke wangu". Ana nini? "Amejifungua juzi." Mwengine, "vya mamangu, ana sukari miaka na miaka, daktari kamkataza". Wa tatu kijana barobaro na kifua chake, "vya kwangu mwenyewe, nilikuwa safarini mwaka jana nikazila siku tano". Wote watatu wataka mchele ule ule na wote watatu wanadhani wakishatoa mchele mambo yamekwisha. Kumbe wa kwanza mkewe anadaiwa siku tu, mchele hakuambiwa. Wa pili mchele ndo deni lote. Na wa tatu mchele wangu hata akibeba gunia zima haumlipii hata siku moja, lazma azifunge zile tano.

Nnavyoona mimi watu udhuru wanaujua, wasichokijua ni kila udhuru na malipo yake. Aya zenyewe ziko wazi, Suratul Baqara 184 na 185, mgonjwa na msafiri wameambiwa watimize hesabu katika siku nyengine. Kisha ndo wakatajwa wale wa kulisha maskini. Waliosoma njooni tuyaweke pahala pamoja. Kwetu huku tunafuata Imam Shafi kwa hivo tuanzie hapo, mwenye kauli ya madhehebu mengine alete ila aseme ni ya nani.

TalibuLangoni:
Waaleikum salaam warahmatullah. Umefanya vizuri bwana wa duka, mana wengine wangepima tu wakapokea hela.

Mifano yako mitatu iko sawa. Nifasi, damu ya uzazi, ni kama hedhi, mwanamke haruhusiwi kufunga hata akijihisi ana nguvu, na baadae analipa siku kwa siku bila mchele. Mgonjwa wa kupona analipa siku. Mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona na mzee ambaye mwili umekataa hawa ndo wa kibaba kimoja kila siku na hawalipi kufunga. Ibn Abbas (RA) ile aya ya kulisha alikuwa akiifasiri kwa mzee mwanamume na mzee mwanamke wasioweza.

Kuna kitu watu wengi hawakijui nikiongeze hapa. Yule mzee hatakiwi kutoa fidia yote Shaabani ati amalize mapema. Kwa Shafi haitangulizwi kabla ya Ramadhani kuingia. Atoe kila siku siku yake, au azikusanye atoe mwishoni, au hata baada ya Idi. Akitoa kabla ya mwezi ile ni sadaka, fidia bado.

MchelePishori_MLD:
Hapo umenigusa ustadh, mana kuna wateja wangu huja Shaabani kabisa "bei haijapanda". Nitawaambia wanunue waweke nyumbani, watoe mwezi ukiingia. Kununua mapema si kutoa au sio?

TalibuLangoni:
Naam, kununua ni kununua tu. Kinachoangaliwa ni siku uliyomkabidhi maskini.

BodaWatamu:
Mimi nina swali langu na msinicheke. Kutwa niko barabarani, Watamu Malindi, Malindi Watamu, jioni nikihesabu nimepita kilomita mia na zaidi. Si mimi ni msafiri? 😅

NahodhaMatondoni:
Ushakuwa msafiri wa kuzunguka mnazi wewe.

TalibuLangoni:
Haha kaka, hapana. Masafa hayajumlishwi kwenda na kurudi. Yanaangaliwa kutoka mji wako mpaka mji unaokusudia, upande mmoja, na kwa Shafi ni marhala mbili, wanazuoni wa leo wanazikadiria kilomita 80 na kitu. Malindi kwenda Watamu ni kilomita 20 na kitu. Hata Malindi kwenda Kilifi mjini haifiki. Malindi kwenda Mombasa zapata 120, hio ni safari. Lamu kwenda Mombasa wacha, hio hakuna wa kuuliza.

BodaWatamu:
Basi nikipata abiria wa Mombasa ndo nimepona 😂

TalibuLangoni:
Usifurahi mapema, kuna sharti. Uwe umetoka mjini kwako kabla ya alfajiri. Kama adhana ya asubuhi imekukuta nyumbani na umetia nia ya kufunga, kwa Shafi siku hio unaimaliza hata ukitoka saa moja, isipokuwa ukilemewa kweli kweli huko njiani. Kesho yake ukiwa bado safarini ndo una hiari. Jengine, safari iwe ya halali na isiwe umeipanga kwa ajili ya kula tu. Kuna watu hupanda basi Jumamosi kwenda Mombasa kula viazi karai mchana, huyu msafiri wa tumbo.

NahodhaMatondoni:
Ustadh hapo ngoja kidogo. Sisi watu wa Lamu basi liko Mokowe ng'ambo bara, nasi twatoka na boti asubuhi baada ya sala, watu wa ndia ile waijua, ilikuwa hata kuna msafara wa polisi, huendi saa upendayo. Kwa hivo kwa kauli hio mtu wa Lamu aendae Mombasa hali siku ya kwanza maisha yake yote? Nimesikia kuna sahaba alikula chomboni na nyumba za mji bado azona.

TalibuLangoni:
Kaptein, umesikia sawa. Ni Abu Basra al-Ghifari (RA), alipanda chombo kutoka Fustat huko Misri mwezi wa Ramadhani, chakula kikaletwa na majumba bado yaonekana, mwenzake akashangaa, yeye akamuuliza waukataa mwenendo wa Mtume (SAW)? Iko kwa Abu Daud. Hio ni hoja ya Imam Ahmad, kwao mtu akitoka mchana aweza kufungua siku ile ile. Kwa hivo mwenye kuifuata hio asiitwe mla mwezi. Nilichokieleza mimi ni msimamo wa Shafi, nao ni kwamba ibada umeshaianza ukiwa mkaazi basi ukaazi unashinda.

Na zaidi ya hapo kumbukeni kufungua safarini ni ruhusa, si lazima. Hamza al-Aslami (RA) alimuuliza Mtume (SAW) nae alikuwa mtu wa kufunga sana, akaambiwa ukitaka funga na ukitaka fungua. Na Anas (RA) asema walikuwa wakisafiri, aliyefunga hamlaumu aliyekula na aliyekula hamlaumu aliyefunga. Kwa Shafi kama safari haikuumizi kufunga ni bora, ikikuumiza kula ni bora. Mtume mwenyewe mwaka wa 8 Hijria akienda kuifungua Makka alifunga njiani, alipoona watu wamelemewa akaitisha maji akanywa mbele yao baada ya Alasiri.

NahodhaMatondoni:
Hapo nimekuelewa. Na kutoka Lamu kwenda Faza, kisiwa cha Pate, je?

TalibuLangoni:
Faza haifiki kaptein, hata ukizungushwa na maji kupwa.

TalibuLangoni:
Na kabla sijasahau, mtu akifika huko aendako na amenuia kukaa siku nne kamili zaidi ya ile ya kuingia na ya kutoka, usafiri umekwisha pale pale alipofika. Wanafunzi wetu wanaokwenda Mombasa au Nairobi muhula mzima wakasema "mimi mgeni hapa" wanajidanganya. Basi au ndege ni sawa, masafa ndo yanahesabiwa na sio tabu.

BintiMkomani:
Jamani naomba tuzungumze mambo ya kina dada mana kila uzi wa udhuru wanaume wanajadili basi na ndege kama sisi hatupo.

Msichana akiwa hedhini nyumbani kwao anajificha kama mwizi. Wallahi nimelelewa nyumba ya Mkomani yenye watu wengi na kaka zangu, mtu uko siku zako hujafunga na huwezi kunywa hata maji, unaingia jikoni unajifanya waonja chumvi ya mchuzi wa muhogo na ile onja ndo chakula chako cha mchana. Daku unaamka, unakaa nao, unakula usije ukaulizwa. Halafu kaka mtu anakuuliza mbele ya baba "wewe leo mbona hukwenda kusali tarawehe" na anacheka mana ajua. Hii si adabu. Hii ni ruhusa ya Mwenyezi Mungu mtu anafanywa aione aibu.

NesiZamuYaUsiku:
Dadangu umesema. Na wengine wanashinda na njaa bila nia ya kufunga wala kula, kwa haya tu. Nawaona wodini na damu imepungua, presha iko chini, na nikimuuliza asema "si Ramadhani". Mwana wewe huna swaumu, kula!

TalibuLangoni:
Bi Nesi yuko sawa, na kisharia mwenye hedhi akijizuia kula kwa nia ya ibada ya swaumu anapata dhambi, sio thawabu. Kinachopendekezwa ni asile mbele ya watu ovyo, basi. Kula jikoni kwenu si mbele ya watu. Na nyinyi wenye dada zenu waachieni nafasi, msiulize maswali mnayoyajua jawabu.

Masuala mawili ya haraka hapa. Damu ikikatika kabla ya alfajiri hata dakika kumi, atie nia afunge, kuoga hata baada ya adhana swaumu ni sahihi. Ikitoka hata dakika moja kabla ya Magharibi, siku hio imeharibika, ailipe. Najua inauma.

BintiMkomani:
Inauma sana 😭 hasa ushasikia kaimati zimetiwa mafutani.

Swali langu la kweli sasa. Siku za hedhi tunalipa, sala hatulipi, hilo Bi Aisha (RA) aliulizwa akajibu ndivo walivyoamrishwa. Lakini mimi deni limekaa. Nimezaa, nikanyonyesha, nikazaa tena. Kuna Ramadhani zimepita juu ya Ramadhani. Wengine waniambia kila mwaka deni linaongezeka kibaba. Wengine waniambia mjamzito na mwenye kunyonyesha alishe tu asilipe. Nifuate lipi?

TalibuLangoni:
Haya nikae sawa mana hili ndo linalowachanganya wengi.

Mjamzito au anaenyonyesha akila kwa kujiogopea nafsi yake, au yeye na mtoto pamoja, huyo ni kama mgonjwa, analipa siku tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, yaani yeye ana nguvu ila maziwa yakauka au tumbo lina hatari, kwa Shafi analipa siku na anatoa kibaba kwa kila siku. Hanafi wao wanasema kulipa tu, hakuna mchele kwa hali zote mbili. Kauli ya kulisha bila kulipa imepokewa kwa Ibn Abbas na Ibn Umar (RA) na kuna masheikh wa leo wanaifuata, ila madhehebu yote manne yanataka siku zilipwe, na mimi huku Lamu siwezi kukuambia uache.

Kuchelewa sasa. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kulipa, yuko mjini, mzima, hana mimba wala hanyonyeshi kwa udhuru, akapuuza mpaka Ramadhani nyengine ikaingia, analipa siku na kibaba cha kuchelewesha kwa kila siku, na kauli yenye nguvu kwa Shafi kinarudiwa kwa kila mwaka uliopita. Lakini wewe dadangu kama kweli mimba ilishika kunyonyesha na kunyonyesha kukashika mimba na hukupata mwanya, basi hakuna kibaba cha kuchelewa, udhuru ulikuwa unaendelea. Angalia tu ile miezi katikati uliyokuwa mzima, kama ilikuwepo ya kutosha kulipa ndo uhesabu hapo. Bi Aisha mwenyewe alikuwa akilipa Shaabani, hapati nafasi mpaka Shaabani, kwa hivo kuchelewa ndani ya mwaka hakuna neno.

BintiMkomani:
Ahsante ustadh. Ile miezi katikati ipo, siwezi kudanganya. Haya MchelePishori niandalie.

MchelePishori_MLD:
Karibu, ila uko Lamu, usafiri wa gunia utakula faida ya thawabu 😄 nunua hapo hapo Langoni.

NesiZamuYaUsiku:
Mimi niingie kwa sukari mana hapa ndo tunapoteza watu.

Wazee wetu wana imani moja, kupima sukari kwa kidole kunafungua. Haifungui! Ni tone la damu lililotoka nje, hakuna kilichoingia. Kwa sababu ya hio imani hawapimi mchana kutwa na hawajui kama imeshuka. Miongozo ya 2021 ya IDF (shirikisho la kimataifa la kisukari) na DAR (jumuiya ya kisukari na Ramadhani) iko wazi. Mashine ikisoma chini ya 3.9 (kwa zile za mg ni chini ya 70) unafungua hapo hapo, hata kama muadhini yuko njiani kwenda msikitini. Ikipita 16.6 (yaani 300) pia unafungua. Hakuna kusema nivumilie kidogo.

Na dalili zake zinafanana na swaumu ya kawaida ndo mana zinapita. Jasho la baridi na jua lenyewe limeshapoa, mikono kutetemeka, maneno kuvurugika, kisha mzee anasema "swaumu ya leo imenilemea ngoja nijinyooshe". Watu wa nyumbani wanamfunika shuka wanapunguza kelele, wanasema muacheni babu alale mpaka magharibi. Ule huenda si usingizi. Muamsheni, asipoitika sawa pimeni. Kama bado ameza mpeni maji ya sukari au juisi, kama hamezi msimtie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Wenye hatari kubwa ni wale wa sindano za insulini tangu utotoni, waliowahi kuzirai kwa sukari karibuni, wajawazito wenye sukari, wenye figo zilizochoka. Hawa wasikae kusubiri Ramadhani iingie ndo waulize, waje kliniki kabla, dozi zipangwe upya, mana kuna vidonge vya sukari ukimeza dozi ile ile ya asubuhi na huli, vinakuangusha. Wengine tunawaambia moja kwa moja wasifunge na wananuna.

MchelePishori_MLD:
Hawa ndo wanaonisikitisha. Nina mteja mama mtu mzima, wanawe wamshinda kumzuia, asema "mimi nimefunga tangu nikiwa mdogo leo nile mchana kama mtoto?" Halafu vijana wenye afya wananunua soda wanazama nazo nyuma ya ghala. Mwenye ruhusa aona haya, asiye nayo haoni.

TalibuLangoni:
Mwambieni huyo mama kwamba mgonjwa akihofia kuangamia au dhara kubwa, kwa Shafi kufungua kunakuwa wajibu, akifunga ana dhambi. Mwenyezi Mungu amesema msijitie katika maangamizo kwa mikono yenu, na katika aya hizo hizo za swaumu akasema anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Ampe maskini kibaba chake, ajifungie chumbani ale, na ujira wake in sha Allah uko pale pale.

Kwa mwenye homa ya kuja na kuondoka, kama malaria, akiamka alfajiri na homa iko mwilini anaweza kuacha nia. Kama haipo, atie nia, ikirudi mchana afungue. Sio mtu aseme jana nilikuwa na homa basi na kesho sifungi.

BodaWatamu:
Na sindano, dripu, inhela? Mamangu mdogo ana pumu.

TalibuLangoni:
Jopo la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah 1997 likapitisha kwamba sindano za ngozi, za nyama na za mshipa hazifunguzi isipokuwa zile za lishe. Insulini basi haina neno. Dripu ya maji na chakula, kwa azimio lile inafungua, na aliyefikia kutiwa dripu kwa kawaida ni mgonjwa wa kula hata hivo. Inhela wanazuoni wamehitilafiana, wengi wa Shafi wanaihesabu inafungua mana kuna kitu kinachoingia ndani, na wengine wa leo wanasema ni kidogo mno haina hukumu. Lakini mamako akibanwa avute, asiogope! Pumzi kwanza. Kama ni mtu wa kuivuta kila siku maisha yote, aulize kwa sheikh anayemuamini afuate kauli moja asirukeruke.

NahodhaMatondoni:
Sasa tuye kwa sisi wafanyakazi wa yuwa. Mwaka huu mfungo umeanguka Februari, kaskazi yatuwaka. Vijana wangu waenda na nyavu usiku warudi mtana, wengine wachimba mawe Manda, jiwe na jua la Maweni si mchezo, chokaa yakuingia kooni. Huko Malindi kuna wa chumvi Gongoni. Nimesikia mwengine asema kazi ngumu ni udhuru, hutii nia kabisa, unakula tu mwezi mzima.

TalibuLangoni:
Kaptein hili Imam Adhrai wa Sham alishalijibu kwa watu wa mavuno karne ya nane Hijria, na kina Ibn Hajar al-Haytami wakalinukuu. Wanatia nia kila usiku kama watu wote, wanaamka wamefunga, atakayefika mahali akalemewa kweli na kiu ya kuogopewa ndo afungue kwa kiasi cha haja, na alipe. Asiyelemewa hali. Kwa hivo udhuru uko kwa kulemewa, sio kwa jina la kazi. Na kama kazi inaweza kuhamishwa usiku, au asubuhi mapema kabla jua halijapanda, ihamishwe. Tajiri mwenye mashimo awape watu zamu ya alfajiri, si kila kitu kimwangukie mchimbaji.

NahodhaMatondoni:
Tajiri? Tajiri yuko Mombasa kwenye kipoza hewa ustadh. Ila la zamu nitalifikisha, sisi wa nyavu twaweza, hata sasa usiku ndo kazi. Mawe ndo mtihani, usiku huoni jiwe.

MwanafunziWaKilifi:
Samahani wakubwa. Mitihani je? Mwalimu wetu mmoja asema ukifunga ubongo haufanyi kazi.

TalibuLangoni:
Mtihani si udhuru mwanangu. Tia nia, kula daku ya maana uchelewe kidogo, uji na mayai si chai kavu. Ukizidiwa na ugonjwa ndo habari nyengine.

BodaWatamu:
Na ukisahau ukanywa maji barabarani? Mimi Ramadhani iliyopita nilimaliza chupa nzima nikakumbuka kwenye kifuniko.

NahodhaMatondoni:
Kwenye kifuniko! Haya bwana.

TalibuLangoni:
Hadithi ni sahihi, aliyekula au kunywa kwa kusahau aitimize swaumu yake, ni Mwenyezi Mungu aliyemlisha na kumnywesha. Huna deni.

BintiMkomani:
Nyanya yetu sasa. Akili imeondoka kabisa, hajui mchana wala usiku, wajukuu zake hatujui, aomba chai saa nane mchana kama kawaida. Baba hutoa kibaba kila siku.

TalibuLangoni:
Allah amrehemu na awape subra. Kama akili imeondoka moja kwa moja na hairudi, kalamu imeinuliwa, hana swaumu na hana fidia. Ni kama mtoto asiyebaleghe. Anachotoa baba ni sadaka na ina thawabu zake, ila asione akikosa siku moja nyanya anadaiwa. Kama kuna saa akili zinarudi hapo ni tofauti, akae na sheikh amueleze hali ilivyo. Chai yake mpeni.

MchelePishori_MLD:
Swali la mwisho kwa upande wangu mana linanigusa mfukoni. Kuna wana wetu walioko Gulf, wanatuma M-Pesa, "mpe maskini hela za fidia ya mama". Nimekuwa nikikataa kuwapa watu pesa, nanunua mchele (dukani kwangu, nisifiche) nawapelekea. Nilikuwa sawa?

TalibuLangoni:
Kwa Shafi ulikuwa sawa kabisa, fidia ni nafaka ya chakula cha mji, kwetu mchele, na hela hazitoshi. Hanafi wanaruhusu thamani yake. Aliyetuma hela kakufanya wakala tu, wewe ndo unakamilisha. Na kibaba kimoja usikigawe kwa maskini wawili, ila vibaba vingi kumpa maskini mmoja yafaa.

BintiMkomani:
Na wanaopika futari ya fidia wakaita watoto wa madrasa? Anas (RA) alipozeeka si alilisha maskini mkate na nyama?

TalibuLangoni:
Alilisha, imepokewa, na ndo hoja ya wanaokubali chakula kilichopikwa. Vitabu vyetu vinasimama kwenye nafaka kibaba. Mimi ningemwambia mtu atoe mchele kwanza, kisha kama ana moyo apike na biriani juu yake. Na watoto wa madrasa si wote maskini, baba zao wengine wana maboti.

NahodhaMatondoni:
Mmoya wao ndio mimi, na wanangu wala futari ya watu kila siku 😂

NesiZamuYaUsiku:
MchelePishori, huyo mama wa sukari uliyemtaja yuko mtaa gani, niandikie inboksi. Nikitoka zamu nimpitie na mashine nimpime mbele ya wanawe, huenda akiona namba atasikia.

MchelePishori_MLD:
Nakuandikia sasa hivi Bi Nesi. Na wateja wangu mlioko humu, kesho Ijumaa nafunga duka saa tano unusu, wa vibaba aje asubuhi, na nikikuuliza mgonjwa ana nini usikasirike.